Mwambao wa Malta na sinema: mwamba wenyewe unapata nini?

Watazamaji wengi wa Afrika Mashariki walioiona filamu ya Captain Phillips, iliyotoka mwaka 2013, waliamini kwamba bahari waliyoitazama ni hii ya kwetu. Walikuwa na sababu ya kuamini hivyo, kwa kuwa kisa chenyewe ni cha huku: meli ya mizigo ya Maersk Alabama ilitekwa na maharamia wa Kisomali mwezi Aprili 2009 ikiwa njiani kwenda Mombasa, na sehemu ya shehena yake ilikuwa chakula cha msaada. Hata hivyo, sehemu kubwa ya matukio ya baharini katika filamu hiyo ilipigwa mwaka 2012 karibu na Malta, kisiwa kilichopo katikati ya Mediterania, kusini mwa Sicily. Bahari nyingine iliigiza Bahari ya Hindi, na hakuna mtazamaji aliyelalamika.

Malta imeifanya kazi hiyo ya kuvaa sura za wengine kwa zaidi ya nusu karne. Taifa hili lenye ukubwa wa kilomita za mraba 316 tu limewahi kuwa Roma ya kale, Troy, Jerusalem na Benghazi, na mara chache sana limeonekana kama Malta. Swali linalozuka kila filamu kubwa inapotua ni kama kuukodisha mwambao kwa namna hii kunaujenga au kunaubomoa. Pande zote mbili zina watu wenye majibu ya haraka, na nadhani wote wanahesabu kitu kisichostahili kuhesabiwa kwanza.

Tuanze na watetezi, kwa sababu hoja zao ni nzito kuliko wapinzani wao wanavyopenda kukiri. Huko Kalkara, ng'ambo ya Bandari Kuu ukitokea mji mkuu, Valletta, kuna mabwawa ya kupigia filamu yaliyojengwa ukingoni kabisa mwa bahari. La kwanza, ambalo ni pana na lenye kina kifupi, lilijengwa mwaka 1964. Upande wake unaoelekea baharini una ukuta mfupi ambao maji hufurika juu yake, hivyo kamera ikiwekwa mahali panapostahili huyaona maji ya bwawa yakiungana na upeo wa bahari halisi bila mstari wowote wa kuyatenganisha. Mashine huzalisha mawimbi, mafeni makubwa huvumisha upepo, na mwongozaji hupata tufani saa anayoitaka huku waigizaji wakiwa hatua chache kutoka nchi kavu. Bwawa la pili, lenye kina cha takriban mita 11, lilichimbwa mwaka 1979 kwa ajili ya filamu iliyohusu kuibuliwa kwa meli ya Titanic. Mfano wa meli hiyo, wenye urefu wa takriban mita 17, uliachwa nje baada ya kazi kwisha ukawa chakula cha kutu.

Kwa hiyo, pamoja na mandhari, Malta imekuwa ikiuza ufundi ambao hauwezi kuhamishwa kwa urahisi. Maseremala, wapaka rangi, wapiga mbizi, washonaji, madereva wa boti na wapishi wamekuwa wakirithishana kazi hii, na watayarishaji wanaporudi huwakuta watu wanaojua tofauti ya ukuta wa kuishi na ukuta wa kuonwa na kamera. Kwa nchi isiyo na madini wala mito, hilo si jambo dogo.

Mfano unaotajwa zaidi na watetezi uko Anchor Bay, ghuba ndogo karibu na mji wa Mellieħa. Mwaka 1979 mafundi walijenga pale kijiji kizima cha mbao kwa ajili ya filamu ya Popeye, iliyoongozwa na Robert Altman na kutolewa mwaka uliofuata. Mbao ziliagizwa Uholanzi, vigae vya mbao vya kuezekea vikatoka Kanada, na gati likajengwa kinywani mwa ghuba ili mawimbi yasiivunje seti kabla ya kazi kumalizika. Kawaida vitu vya namna hiyo hubomolewa siku kamera zinapofungashwa. Kijiji hiki kiliachwa kisimame, na hadi leo kinaingiza watalii kwa kiingilio, kikiwa na nyumba zake zilizopinda kwa makusudi na rangi zake zinazopakwa upya kila zinapobabuka. Mtu anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, kama ghuba ile ya mawe ilihitaji kijiji cha katuni. Lakini hawezi kudai kwamba wenyeji hawakupata kitu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa Anchor Bay msemo huo umetimia.

Dwejra, upande wa magharibi wa kisiwa jirani cha Gozo, ni habari nyingine. Hapo ndipo liliposimama lile tao la mawe lililojulikana duniani kote kama Azure Window, lenye kimo cha takriban mita 28, ambalo lilionekana katika filamu kadhaa na katika msimu wa kwanza wa tamthilia ya Game of Thrones. Mwaka 2010, wakati wa kutayarisha tukio la harusi la tamthilia hiyo, mchanga ulimwagwa juu ya mwamba tambarare wenye visukuku, ndani ya eneo lililohifadhiwa kisheria. Wanabiolojia na watetezi wa mazingira walipaza sauti, watayarishaji wakaeleza kwamba kazi hiyo ilifanywa na mkandarasi mdogo wa hapo hapo, na mamlaka ikajikuta ikijibu maswali baada ya jambo kuharibika. Mchanga ni kitu kinachoonekana hakina madhara, lakini mwamba wa pwani si sakafu ya saruji; una vijishimo na nyufa ambamo viumbe wadogo huishi kwa kutegemea maji ya chumvi yanayoingia na kutoka, na ukishavifunika umeyaziba maisha yao.

Hapa inafaa kukumbuka jambo moja la kihistoria. Katika ghuba hiyo hiyo ya Dwejra kuna jabali lililojitenga na nchi kavu, ambalo Wamalta huliita Il-Ġebla tal-Ġeneral. Juu yake huota mmea ambao zamani uliaminika kuzuia damu na kutibu kuhara. Katika karne ya 18 Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, waliokuwa watawala wa visiwa hivi, walipiga marufuku watu kulipanda jabali hilo, wakaweka walinzi, na wezi wa mmea wakaadhibiwa vikali. Tiba yenyewe ilikuwa imani tupu, lakini ulinzi ulikuwa wa kweli, na ulikuwepo kabla ya mwizi kufika.

Tarehe 8 Machi 2017, asubuhi yenye dhoruba kali, tao lilianguka lote pamoja na nguzo yake, na wapo walioharakisha kuilaumu sinema. Lawama hiyo haina msingi. Mawimbi yalikuwa yakiila nguzo ile kutoka chini kwa muda mrefu kabla ya kamera yoyote kuvumbuliwa, na ni nguvu hiyo hiyo ya bahari iliyolichonga tao hapo awali. Sinema inaweza kuhusishwa kwa njia nyingine tu: ililifanya tao kuwa picha ambayo kila mgeni alitaka kujiona ndani yake, watu wakapanda juu yake kwa ajili ya picha hata baada ya kuonywa, na serikali ikalazimika kutangaza faini miezi michache kabla ya mwisho. Baada ya kuanguka, mbunifu majengo mmoja wa Urusi alipendekeza jengo la chuma kinachong'aa lijengwe mahali pale pale. Pendekezo hilo lilizungumzwa sana mitandaoni na halikujengwa. Binafsi naona ni heri. Wapiga mbizi sasa huogelea kati ya mapande makubwa ya mwamba yaliyolala chini ya maji, na Dwejra bado ina ziwa lake la maji ya bahari, ambalo boti ndogo za wavuvi hutoka kwa kupita katika pango linalotoboa genge hadi bahari kuu.

Ikiwa Dwejra inaonyesha hatari ya wiki chache za upigaji picha, ngome ya Ricasoli inaonyesha jambo linalonisumbua zaidi. Ngome hii ya karne ya 17, iliyopo kwenye mdomo wa Bandari Kuu, imekuwa uwanja wa kujengea seti za filamu za gharama kubwa kabisa. Ridley Scott alijenga ndani yake sehemu ya uwanja wa mapambano wa Roma kwa ajili ya Gladiator, iliyotoka mwaka 2000, na akarudi humo mwaka 2023 kwa ajili ya mwendelezo wake. Roma ya mbao na plasta ilijengwa, ikang'aa, ikabomolewa, na miongo miwili baadaye ikajengwa tena. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho kuta halisi za ngome zilikuwa katika hali ya uchakavu, na bahari iliendelea kuula mwamba unaozibeba.

Watetezi watajibu kwamba bila sinema ngome ingekuwa gofu kabisa, na kwamba mapato huingia serikalini, si lazima yarudi kwenye jiwe lile lile. Jibu la kwanza lina ukweli ndani yake. La pili ndilo linalohitaji kuchunguzwa, kwa kuwa fedha zinakwenda pande zote mbili. Tangu mwaka 2019 Malta hurejeshea watayarishaji hadi asilimia 40 ya matumizi yanayokubalika kisheria, kiwango ambacho ni miongoni mwa vikubwa barani Ulaya. Maana yake ni kwamba mlipa kodi wa Malta ni mbia wa kila filamu kubwa inayopigwa pale. Mbia ana haki ya kuweka masharti. Anaweza kudai kwamba sehemu ya marejesho hayo ibaki katika mfuko wa kukarabati eneo lililotumika, na kwamba mtaalamu wa mazingira awepo kabla lori la kwanza halijashuka.

Wapo wanaohofia kwamba masharti ya namna hiyo yatawafukuza watayarishaji, kwani Croatia, Morocco na Uhispania nao wana pwani, magofu na marejesho ya fedha. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, bwawa la Kalkara na mafundi wake hawahamishiki, na mtayarishaji anayepanga bajeti ya mamilioni mengi huogopa kutotabirika kuliko anavyoogopa ada iliyoandikwa wazi. Isitoshe, Malta imekwisha kuonyesha kwamba ikitaka inaweza kuweka kikomo: mwaka 2025 ilianzisha utaratibu wa kuweka nafasi kabla ya kwenda kwenye Blue Lagoon, ghuba ya kuogelea inayopendwa na watalii katika kisiwa cha Comino, pamoja na ukomo wa idadi ya watu kwa wakati mmoja. Ikiwa mtalii mwenye taulo anahesabiwa, sioni kwa nini msafara wa malori ya jenereta uonewe haya.

Limebaki suala la nani anasimuliwa. Mwanzoni mwa mwaka 2022 watengenezaji filamu wa Malta walisusia tuzo za filamu za taifa, wakilalamika kwamba gharama ya hafla haikuwiana na kiasi kidogo kilichotengwa kwa kazi zao. Malalamiko hayo yalikuja mwaka mmoja tu baada ya filamu ya Luzzu, ya mwongozaji Alex Camilleri, kupeleka mwambao huo kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, ambako mvuvi halisi, Jesmark Scicluna, alipewa tuzo ya uigizaji. Luzzu ni mashua ya mbao ya wavuvi wa huko, yenye rangi kali na jozi ya macho kwenye omo, na wale waliowahi kuona macho ya madau ya Lamu hawatashangaa. Filamu inamhusu mvuvi kijana ambaye mashua yake inavuja, ambaye anashawishika kuisalimisha leseni yake ili alipwe fidia inayotolewa kwa wanaoacha uvuvi.

Filamu hiyo haikuhitaji Roma ya plasta wala mchanga wa kumwagwa. Ilihitaji bandari kama ilivyo, soko la samaki kama lilivyo, na watu wanaozungumza Kimalta. Mtetezi wa filamu kubwa atasema, na ni kweli, kwamba kazi kama hiyo haiwezi kuajiri mamia ya maseremala kwa miezi kadhaa. Hakuna aliyependekeza ichukue nafasi ya zile kubwa. Kinachopendekezwa ni kwamba serikali inayoweza kumrejeshea mgeni asilimia 40 iwe na uwezo wa kumpa mwenyeji bajeti inayozidi ile ya karamu ya tuzo, na kwamba kiasi hicho kitangazwe katika jedwali lile lile, mstari mmoja chini ya mwingine, ili wananchi waone wenyewe uwiano ulivyo.