Mzinga wa Zamani Ukiokolewa, Kinaokolewa Nini Hasa?

Mwanzoni mwa Julai 2015, wanajeshi wapatao 20 wa Ujerumani walihangaika kwa karibu saa tisa kutoa mzigo chini ya nyumba ya mtu binafsi huko Heikendorf, kijiji jirani na mji wa Kiel. Mzigo huo ulikuwa kifaru aina ya Panther cha Vita Kuu ya Pili, mzinga wa milimita 88 wa kutungulia ndege, na torpedo. Majirani hawakushangaa sana. Walijua kwa miaka mingi kwamba mzee yule ana kifaru, na wapo waliokumbuka kukiona kikitembea kwenye theluji kubwa ya 1978. Kesi ilivutana hadi Agosti 2021, mahakama ya Kiel ilipompa kifungo cha miezi 14 ambacho hakulazimika kukitumikia gerezani, ikamtoza euro 250,000, na kumtaka akabidhi au auze kifaru na mzinga kwa makumbusho au kwa mkusanyaji mwingine.

Hapo mwisho pana jambo la kuangaliwa. Mahakama haikuamuru mzinga ukatwe vipande. Hata kuuzwa kwa mkusanyaji mwingine iliruhusu. Kwa hiyo kilichokatazwa ni mtu kuwa na silaha ya kivita nje ya utaratibu, lakini silaha yenyewe ilihesabiwa kuwa na thamani ya kutunzwa. Hata ulipo ulinzi mkali wa sheria, basi, mkusanyaji binafsi hahesabiwi moja kwa moja kuwa adui wa historia.

Na kwa kweli wanaomtetea wana hoja nzito. Serikali na mabaraza ya miji yameyeyusha mizinga mingi kuliko tunavyopenda kukumbuka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, miji ya Uingereza ilipewa mizinga iliyotekwa kwa Wajerumani ikaiweka kwenye bustani na mbele ya kumbi za miji. Vita ya pili ilipokuja na chuma kikahitajika, mingi ilipelekwa tanuruni. Australia nayo ina mzinga mkubwa wa reli wa milimita 280 uliotekwa karibu na Amiens, Ufaransa, tarehe 8 Agosti 1918. Ulisafirishwa nusu ya dunia hadi Canberra, ukatunzwa na taasisi ya taifa yenye wataalamu na bajeti. Hata hivyo, katika miaka ya 1960 behewa lililoubeba liliuzwa kama chuma chakavu. Leo umebaki mtutu tu. Kwa hiyo anayesema "vitu vya namna hii viachiwe serikali" aeleze kwanza ni serikali ipi, na ya mwaka gani.

Upande wa watu binafsi kuna mfano wa Jacques Littlefield wa California, aliyekusanya vifaru na mizinga kwa wingi unaoshinda makumbusho nyingi za kijeshi. Miongoni mwake kulikuwa na Panther iliyokuwa imezama mtoni nchini Poland tangu vita, ikaopolewa na kutengenezwa kwa miaka mingi hadi ikatembea tena. Ni makumbusho chache za umma zenye fedha na subira ya kufanya hivyo.

Wasiojua kazi hii hudhani uokoaji ni kufunga kamba na kuvuta. Mzinga wa milimita 88 ukiwa kwenye magurudumu yake una uzito wa tani saba hivi. Ukikuta umelala porini miaka 60, matairi yamegeuka vumbi, beringi zimekamata kutu, na mkono unaozuia mtutu usiyumbe safarini mara nyingi haupo. Ukiuvuta hivyo hivyo kuupandisha kwenye trela, mtutu ukacheza njiani, unaweza kuvunja meno ya gia za kuinulia, na gia hizo haziuzwi dukani. Watu wanaojua huanza kwa kuulowesha mafuta siku nyingi kabla hata ya kujaribu kuusogeza, huuinua kwa mikanda mipana ili mnyororo usikwaruze chuma, na hupiga picha kila boliti kabla ya kuifungua.

Mizinga ya kale ya baharini ni shida nyingine kabisa. Chuma cha kusubu kikikaa chini ya maji ya chumvi karne mbili tatu, chumvi huingia hadi ndani. Kikitolewa kikaachwa kikauke juani, kinaanza kupasuka na kumenyuka tabaka kwa tabaka, na kitu kilichodumu miaka 300 baharini kinaharibika katika muda mfupi mno nchi kavu. Kinapaswa kubaki ndani ya maji, kisha kiwekwe kwenye tangi lenye dawa ya alkali na kupitishiwa umeme mdogo kwa miezi, pengine miaka, hadi chumvi itoke, ndipo kikaushwe na kupakwa nta. Hapa ndipo mpenzi wa mizinga mwenye nia njema lakini asiye na tangi anaweza kuua alichokusudia kuokoa.

Hatari haiko upande wa chuma pekee. Mwaka 2008, huko Chester, jimbo la Virginia, mkusanyaji mwenye uzoefu wa miaka mingi aliuawa na kombora la meli la wakati wa Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe ya Marekani alipokuwa akilisafisha nyumbani kwake. Lilikuwa limekaa zaidi ya miaka 140. Kipande chake kimoja kiliruka hadi kwenye baraza ya nyumba ya mtu mwingine, umbali wa takriban mita 400. Sheria ya Marekani humtaka mwenye mzinga wa kisasa unaoweza kufyatuka ausajili na kuulipia kodi ya dola 200, na kombora lenye baruti ya kulipuka husajiliwa na kulipiwa peke yake. Lakini hakuna usajili unaomlinda jirani aliyeketi barazani kwake. Kwa hili sina mizani ya kupima pande mbili: kombora lililookotwa haliguswi na mkusanyaji, haliguswi na mwanakijiji, linaachwa hapo lilipo na wataalamu wa mabomu wanaitwa.

Lakini hoja inayonisumbua zaidi dhidi ya wakusanyaji haihusu mlipuko. Littlefield alifariki mwaka 2009. Mkusanyiko wake ulikabidhiwa Collings, taasisi ya Marekani ya kuhifadhi historia, na Julai 2014 sehemu yake kubwa ikapigwa mnada. Vingine vilibaki na sasa vimo katika makumbusho iliyofunguliwa Massachusetts mwaka 2019, na hilo ni jema. Vilivyouzwa vilitawanyika kwa wanunuzi mbalimbali. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mali ya mtu binafsi: ulinzi wake una umri wa mwenyewe. Na kila mzinga unapobadilisha mikono, habari zake hupungua. Mnunuzi wa kwanza anajua ulitolewa bonde gani na nani alimwonyesha. Wa tatu anajua aina na mwaka wa kutengenezwa. Wa tano ana namba iliyogongwa kwenye mtutu, basi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kisa chetu, na kinaanzia Kiel kule kule. Meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg ilijengwa hapo na kushushwa majini mwaka 1905. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, ikazingirwa kwa miezi, na tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na meli za Kiingereza Severn na Mersey, mabaharia wake wenyewe waliimalizia. Meli ilikufa, mizinga yake kumi ya milimita 105 haikufa. Iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, na karakana ya reli ikaitengenezea magari ya kuvutwa nchi kavu. Tangu hapo ikasafiri kwa reli, na pale reli ilipokoma ikasafiri kwa mabega na mikono ya watu. Mmoja ulifungwa kwenye meli Götzen katika Ziwa Tanganyika, meli ambayo baadaye ilizamishwa, ikaopolewa, na tunaijua leo kama Liemba. Mingine ilifika Kahe, karibu na Moshi, na mingine kusini kabisa hadi mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917.

Waingereza nao walifanya vile vile: waliopoa mizinga ya Pegasus, wakaitilia magurudumu na kuipeleka bara. Kwa hiyo uokoaji na usafirishaji wa mizinga mizito hapa kwetu haukuanza na wapenzi wa historia. Ulianza na wapagazi. Mtutu mmoja wa Königsberg una uzito wa karibu tani moja na nusu bila gari lake, na ulivutwa kwa kamba na mamia ya watu kupitia tope, mchanga na milima. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote mbili walikufa katika vita ile, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Majina ya makamanda tunayo: Max Looff wa Königsberg, Paul von Lettow-Vorbeck wa jeshi la nchi kavu. Waliovuta mizinga tunawahesabu kwa jumla tu.

Kati ya mizinga ile kumi, mitatu inajulikana ilipo: mmoja Fort Jesus, Mombasa, mwingine mbele ya Union Buildings, majengo ya serikali ya Afrika Kusini huko Pretoria, wa tatu Jinja, Uganda. Hakuna hata mmoja uliobaki Tanzania, nchi ambamo ilizama, ikatengenezewa magari na kuvutwa. Meli yenyewe ilikatwa na kuchokonolewa kwa miongo. Mwaka 1924 John Ingle, aliyekuwa nahodha wa Pegasus, alilipa pauni 200 kupata haki ya kuichukulia vyuma, na kazi ya namna hiyo iliendelea hadi miaka ya 1960, mabaki yalipoporomoka na kumezwa na mto.

Anayewatetea wakusanyaji atasema: unaona? Kilichochukuliwa kimebaki, kilichoachwa kimeliwa na tope na wauza vyuma. Ni kweli, na siwezi kuikwepa. Mzinga wa Pretoria uko salama kwa sababu ulichukuliwa kama ngawira. Lakini tazama gharama yake. Mtoto wa Utete au Mohoro, kwenye Rufiji, anayetaka kuuona mzinga uliopita kijijini kwa mababu zake sharti avuke mpaka. Uhifadhi uliofanywa na mwenye nguvu ulihifadhi ushindi wake, ukaacha njia mzinga ulikopita bila hata kibao.

Sheria zetu nazo zina pengo ambalo sijui kwa nini halizungumzwi. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya Kenya ya 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Maana yake ni kwamba mzinga wa Mreno unalindwa hata kama hakuna anayeujua, lakini mtutu, gurudumu au ganda la risasi la 1916 halilindwi mpaka waziri alitangaze. Vita nzima ya 1914 hadi 1918 imeangukia nje ya mstari. Mkusanyaji anayekuja Taveta na kifaa cha kutafutia chuma, na kijana anayeuza kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, wote wawili wanafanya kazi kwenye uwanja usio na mwenyewe. Na njaa ya chuma ipo. Kenya ililazimika kuisimamisha biashara hiyo Januari 2022 kwa sababu miundombinu ya umeme ilikuwa inang'olewa. Anayeng'oa chuma cha nguzo yenye umeme hatasita mbele ya gurudumu la mzinga lililolala kichakani.

Wala tusijidanganye kwamba jengo la makumbusho ni kinga tosha. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyokuwa makumbusho, iliporomoka sehemu kubwa Desemba 2020. Mbele ya jengo hilo ndipo ilipokaa mizinga ya shaba ya Wareno, na mmojawapo una maandishi ya Kiajemi yanayotaja kutekwa kwake Hormuz, vita ya 1622. Mzinga ule umepita mikono ya Wareno, Waajemi na pwani yetu, na bado tunajua ulikotoka, kwa sababu mtu aliyeuchukua alijali kuandika juu yake. Hicho ndicho ninachowadai wakusanyaji wa leo, kabla ya kudai mzinga wenyewe.

Kati ya mkusanyaji na tanuru, nachagua mkusanyaji bila kusita. Mzinga ulio gereji kwa mtu unaweza kurudi kwa umma siku moja, uliogeuzwa nondo haurudi. Lakini haki ya kuubeba iwe na sharti: kabla kreni haijaugusa, mahali ulipolala papimwe na kuchorwa, wazee wa hapo waulizwe na maneno yao yarekodiwe, na nakala ibaki wilayani. Mkusanyaji wa kweli hataona shida, maana mzinga wenye habari zake una thamani kubwa kuliko usio nazo hata mnadani. Anayekataa masharti hayo anafanya biashara, na atendewe kama mfanyabiashara mwingine wa vyuma. Kuutoa nje ya nchi nisingeruhusu kabisa, isipokuwa kwa mkopo wenye tarehe ya kurudi.

Upande wa serikali, hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Wabunge wa Tanzania na Kenya wanaweza kusogeza mstari wa tarehe hadi 1918, au waache tarehe na kutumia umri, tuseme miaka 100, ili kila mwaka unaopita uingize vitu vyake kwenye ulinzi. Kabla hawajafika huko, waziri wa kila nchi anaweza kutangaza kwenye gazeti la serikali mabaki yote ya vita ile: Rufiji, Kahe na Mahiwa kwa Tanzania, Salaita na Latema, karibu na Taveta, kwa Kenya. Na Dar es Salaam, ambako karakana ya reli iliitengenezea mizinga ile magari, ina hoja nzuri ya kuomba mmoja kati ya ile mitatu uletwe hata kwa mkopo, uwekwe Kariakoo, palipokuwa na kambi ya wapagazi.