Rangi Iwe ya Mwisho

Pikipiki ya marehemu baba, Honda CG125, ilikaa miaka 11 kwenye banda la kuku nyuma ya nyumba yetu, Morogoro. Kuku walitagia juu ya siti mpaka sponji ikatoka nje. Watu wa vyuma chakavu walishakuja kuipigia bei mara tatu, na mara zote mama aliwajibu kwamba pikipiki ina mwenyewe. Mwaka jana niliikokota hadi barazani. Leo inatembea.

Naandika haya kwa sababu nawaona vijana wengi wanaofufua pikipiki za zamani wakianzia kwenye rangi, na naamini hapo ndipo wanapoharibu. Tangi likishapulizwa likang'aa, moyo unatulia, majirani wanasifu, mfuko umekwisha, na breki bado ni zile zile zilizolala na kutu. Pikipiki ya namna hiyo ni hatari kuliko ilivyokuwa bandani, maana sasa inatamanisha kupandwa.

CG125 nayo inastahili kuheshimiwa ilivyo. Honda waliileta katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu: barabara mbovu, mzigo mzito, oili inabadilishwa mtu akikumbuka. Vali zake zinasukumwa na vijiti kutoka chini. Ni mtindo wa kizamani, lakini hauna cheni ya taimingi ya kulegea. Cheni ya nyuma wameifunika yote kwa kava la bati isile vumbi. Wachina wakaja kuiiga injini hiyo kwa wingi, ndiyo maana gasketi na ringi nilizipata kwenye maduka ya spea za bodaboda. Pima tu kabla ya kulipa. Silinda ya asili ina kipenyo cha milimita 56.5, na si kila kinachoitwa "CG" dukani kinakaa sawa.

Fundi wa kwanza niliyemwita aliitazama dakika mbili akasema, "Kaka, hiyo injini tupa, nikufungie nyingine." Nilikataa. Namba ya injini iko kwenye kadi, na kadi ina jina la baba. Ukifunga injini nyingine, kadi na pikipiki havisemi kitu kimoja tena, na mguu wa kufuatilia ni wako. Zaidi ya hapo, injini ile haikuwa imekufa. Ilikuwa imeshika, yaani pistoni imegandana na silinda.

Injini iliyoshika haitaki nguvu. Ukiirukia kiki unaweza kuvunja meno ya gia kwa tatizo ambalo mafuta yangelimaliza. Nilifungua plagi, nikamimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye silinda, nikaacha. Kila jioni nikitoka kazini naongeza kidogo, naweka gia ya juu, naushika mpira wa nyuma na kuutikisa mbele na nyuma taratibu. Siku ya nne, hakuna. Siku ya sita, hakuna. Siku ya tisa mpira ulisogea kama upana wa kidole, na kwenye tundu la plagi nikasikia pumzi ndogo, fyuu. Nilikaa chini sakafuni. Mama alitoka jikoni kuuliza kulikoni, nikashindwa kumweleza.

Hapo ndipo nikafungua silinda, nikabadilisha ringi. Oili ya zamani ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yalishaingia. Kabureta ilikuwa na petroli iliyoganda kama sukari guru, jeti, kile kitundu kidogo cha kupitisha petroli, imeziba kabisa. Niliiloweka, nikaizibua kwa uzi mmoja wa waya wa shaba. Usitumie sindano, chuma kinapanua tundu na pikipiki itakunywa petroli mpaka uichukie. Tangi nalo nililisafisha kwa siki na kokoto ndogo, nikilitikisa mpaka mikono ikafa ganzi.

Lakini pesa yangu kubwa ilikwenda chini: mipira, breki shuu, beringi za magurudumu, waya wa breki ya mbele. Mipira ya zamani ilikuwa na vishimo vizuri kabisa, mtu angesema bado mipya. Ukiikunja pembeni unaona nyufa. Mpira unazeeka hata ukikaa. Na vumbi la breki za zamani usilipulize kwa mdomo, breki nyingi za enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto. Futa kwa kitambaa kibichi.

Mdogo wangu ananibana niipige rangi nyekundu mpya. Pande zote mbili za tangi rangi imelika mpaka chuma kinaonekana, pale magoti ya baba yalipokuwa yakibana miaka yote alipokuwa akienda shamba Mvomero. Nimepaka oili kidogo isishike kutu, na patabaki hivyo.

Kilichobaki ni taa ya nyuma. Umeme wake ni wa volti 6, na balbu za siku hizi madukani karibu zote ni za 12. Nimeagiza kwa mtu Dar es Salaam. Mpaka ije, naiendesha mchana tu, na saa kumi na moja jioni iko barazani.