Dona si dawa ya kisukari, pima unga

Mtu akigundulika na kisukari aina ya pili hapa Mwanza, ushauri wa kwanza kumfikia ni huu: acha sembe, kula dona. Kwa maoni yangu ushauri huo unaishia njiani, na watu wanaumia. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, ni kweli, ila gramu 100 za unga wake bado zina wanga unaozidi gramu 70, na wanga ndio unaopandisha sukari. Anayekula ugali wa gramu 200 za unga kwa mlo mmoja amejipa wanga wa gramu 140 na zaidi, uwe wa dona au wa nini. Ugali wa muhogo ndio kabisa. Michembe nayo ni viazi vitamu vilivyokaushwa: maji yametoka, wanga wote umebaki.

Kinachonisikitisha ni kwamba chakula sahihi tunacho ziwani. Sato, sangara na dagaa hawana wanga. Basi sahani igeuzwe: samaki na mboga ndio mlo, ugali ndio usindikize. Anza na gramu 40 za unga kwa mtu mmoja, zipime kwenye mizani ya jikoni unga ukiwa mkavu. Ukisongwa na maji mara mbili ya uzito wake unatoka ugali wa ukubwa wa ngumi, wenye wanga wa gramu 30 hivi. Jaza nusu ya sahani kwa mlenda, mchicha, majani ya maboga au nyanya chungu, na mboga usiinyime mafuta, maana ukipunguza ugali bila kuongeza kitu, saa kumi jioni njaa itakupeleka kwenye maandazi.

Mitego ipo. Mchemsho wa sato mara nyingi huja na viazi na ndizi ndani. Hizo nazo ni wanga, zihesabu au ziache. Maziwa mgando, kikombe cha mililita 250 kina gramu 12 hivi, bila sukari ya kuongeza. Uji wa lishe ndio unaodanganya wengi: nafaka imesagwa laini, imepikwa ikaiva sana, inanywewa, kwa hiyo sukari inapanda haraka. Kayabo, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi, hana wanga, ila chumvi yake haimfai mwenye presha.

Mwamuzi ni mashine ya kupimia sukari. Nawa mikono kwa sabuni na ukaushe, kwani maji ya embe kwenye kidole unatosha kupandisha kipimo. Pima kabla ya kula, pima tena baada ya saa mbili tangu tonge la kwanza. Kama sukari ilikuwa 7 ikafika 12 (kwa kipimo cha mmol/L), unga ulizidi. Kesho punguza gramu 10, mengine yaache vilevile ili ujue kilichobadilika. Stripu, vile vijiti vya kupimia, ni ghali, kwa hiyo chagua mlo mmoja na uufuatilie siku tatu au nne kabla ya kuhamia mwingine.

Sasa jambo ambalo halitaki mzaha. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi asipunguze wanga kabla ya kuongea na daktari wake, kwa sababu dozi ile ilipangwa kwa ugali ule mkubwa. Ugali ukipungua na dozi ikabaki, sukari inashuka: jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyika. Vidonge vya metformini peke yake havileti hilo kirahisi. Mwenye tatizo la figo naye aulize kwanza kiasi cha samaki kinachomfaa.

Mashine ikisoma chini ya 4, koroga vijiko vidogo vinne vya sukari kwenye maji, anywe palepale. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado chini, rudia. Ikishapanda, ale kitu kidogo chenye wanga. Akiwa hajitambui, usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.