Maji ya mserereko, nani alipie?

Rungwe, wilaya ya milimani mkoani Mbeya, mvua hainyeshi kwa kubahatisha, na miradi mingi ya maji ya vijiji vya milimani huku kwetu ni ya mserereko: maji hushuka yenyewe kutoka chanzoni, bila pampu wala dizeli. Ndiyo maana bili ikiletwa watu huuliza: maji haya ametupa Mungu, tunalipia nini?

Swali hilo silibezi. Julai 28, 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 64/292 likitambua maji safi na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Nchi 122 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, 41 hazikuegemea upande wowote. Tanzania ilikuwa miongoni mwa hizo 41, na jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu Sera yetu ya Maji ya mwaka 2002 ilikwishalenga mwanakijiji apate maji ndani ya mita 400 kutoka anapoishi.

Lakini mlima hautengenezi bomba. Masika banio, yaani kizuizi cha kukinga maji chanzoni, hujaa tope, koki huchakaa, na mtu akitoboa bomba amwagilie viazi vyake, kitongoji cha chini hukauka. Tangu 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na jumuiya za watumia maji ndizo zinazokusanya fedha za matengenezo. Jumuiya isiyo na akiba husubiri fundi kutoka wilayani, na akina mama hurudi mtoni na ndoo zao.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kulipa. Ninachokikataa ni dira ya maji ya malipo ya kabla (mita) kuachwa iamue peke yake: salio likiisha inafunga, haijui kama ndani kuna mgonjwa au mama aliyejifungua juzi. Bei ya ndoo ipangwe kwenye mkutano wa kijiji, bibi asiye na wa kumsaidia achote bure, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Naamini wengi wanaogoma kulipa wangelipa kama wangesomewa hesabu hizo.

Halafu kuna choo, ambacho mjadala wa bili hukiacha nyuma. Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulikitambua kuwa haki inayojitegemea. Kwenye miteremko yetu, shimo likichimbwa juu ya chemchemi, uchafu wake unaweza kushukia ndoo ya jirani aliyelipa kila senti. Kabla ya kupandisha bei, kamati ipande kwanza hadi chanzoni ikaangalie vyoo vilivyo juu yake.