Tupime maji kwenye meli yenyewe

Fani ya kupima maji yanayozunguka meli imelizoea mno tangi la majaribio, birika refu ambamo mfano mdogo wa meli huvutwa, na bahari imewekwa kando. Naona tunakosea.

Chukua mfano wa meli uliopunguzwa mara 25. Ili mawimbi yake yafanane na ya meli halisi, kasi hugawanywa kwa 5, kipeuo cha pili cha 25: meli ikienda noti 20, mfano huvutwa kwa noti 4. Mawimbi yanakubali, msuguano unakataa. Namba ya Reynolds, yaani uwiano wa nguvu ya mwendo wa maji kwa unato wake, imeshuka mara 125, kwa hiyo maji ambayo kwenye meli yangevurugika tangu omo, mbele ya meli, hapa yanateleza kwa utulivu. Ndiyo maana mafundi hubandika ukanda wa chenga za mchanga au safu ya vijiti vifupi karibu na omo, wayalazimishe yavurugike. Ni ufundi ninaouheshimu, lakini vurugu ile tumeitia sisi.

Leza zimetufungua macho. Chembe ndogo hutiwa majini, mwanga hutandazwa kama shuka jembamba, kamera hupiga picha mbili kwa kufuatana upesi mno, na jinsi chembe zilivyosogea ndiyo kasi ya maji. Uhondo uko tezini, nyuma ya meli, mbele kidogo ya rafadha, yaani panga zinazoisukuma. Hapo tabaka la maji yanayoburuzwa na meli limenenepa, vizunguko vinajikunja kutoka chini ya tumbo, na kila panga la rafadha linakutana na maji ya kasi, kisha ya pole, ndani ya mzunguko mmoja. Mtetemo na kelele huanzia hapo. Na kwenye mfano tabaka hilo, kwa uwiano, ni nene kuliko la meli!

William Froude, mhandisi Mwingereza aliyepima mifano ya meli, alilijua tatizo. Mwaka 1871 aliivuta HMS Greyhound, meli nzima, kwa meli nyingine, HMS Active. Ukinzani ulizidi makadirio ya mfano, naye akaitaja kuwa chanzo shaba iliyochakaa kwenye tumbo la Greyhound.

Uchakavu huo ndio tusioupima vya kutosha. Mfano hupigwa msasa ukang'aa. Meli ina utelezi, viumbe vilivyoganda, rangi iliyokwaruzika. Kompyuta nazo hukokotoa vizuri, ila zinahakikiwa zaidi kwa vipimo vya tangi. Wenye meli waruhusu madirisha ya leza tezini, na vipimo vitolewe hadharani, hata vikionyesha kwamba meli inakula mafuta kuliko walivyoahidi wauzaji.