Shikamoo Mzee, Marahaba Bosi

Saa moja na nusu asubuhi, maegesho ya halmashauri moja ya wilaya. Mkurugenzi ana miaka 34, dereva wake ana 58. Mkurugenzi anafungua mlango wa gari lenye namba za SM, za serikali za mitaa, na kusema, "Shikamoo mzee." Dereva anajibu, "Marahaba bosi." Gari linaondoka. Kwa maneno manne tu, watu wawili wamepimana kwa mizani mbili. Kwa umri, dereva yuko juu. Kwa cheo, yuko juu mkurugenzi. Hakuna aliyeona ajabu, na mimi naona hapo ndipo Kiswahili kinapoonyesha ustadi wake.

Maana lugha yenyewe haikutarajia mizani hizo zitengane. Mkubwa wako ni aliyetangulia kuzaliwa, na mkubwa wako ni anayekutuma kazini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mkuu huyo ni babu au ni mkuu wa wilaya? Methali haisemi. Tena Kiswahili sanifu hakina "wewe" ya adabu. Wanyakyusa wanaitia heshima ndani ya salamu yenyewe: ugonile kwa rika lako, mugonile kwa mkubwa. Sisi "wewe" tunayo moja, na ukimrushia mtu mzima ikiwa kavu, umemtukana. Ukisikia "We mzee!" kituo cha daladala, ujue kuna ugomvi wa nauli. Mzigo wote wa adabu unabaki kwenye jina unalomwitia mtu, ndiyo sababu tunayagombania sana majina hayo.

Tanzania iliwahi kujaribu kuufumua mfumo huu. Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilikuwa "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja," na baada ya Azimio la Arusha la 1967, Ndugu likawa jina la kutangulia la kila mtu, waziri kwa mpiga chapa. Azimio hilo lilikuja na masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yakalegezwa. Mwaka uliofuata vikaja vyama vingi, na katika miaka hiyo ya tisini Ndugu akaanza kusogea pembeni, Mheshimiwa akavuta kiti. Sidhani ilikuwa sadfa. Kiongozi mwenye nyumba tatu za kupangisha ukimwita Ndugu mbele ya mpangaji wake, mmoja kati yenu atacheka. Leo Ndugu amebaki kwenye vikao vya CCM, juu ya "Yah:" katika barua za maombi, na kwenye simu: "Ndugu mteja, salio lako halitoshi."

Wanaolichukia neno Mheshimiwa wana hoja nzito, na kwa sehemu kubwa niko upande wao. Litazame neno lenyewe: ni la kutendwa. Anaheshimiwa. Na nani? Halisemi. Linatangaza kuwa kazi imeshafanyika kabla mtu hajafungua mdomo. Nenda kwenye mkutano wa hadhara ambapo mwanakijiji amepewa dakika mbili aulize kuhusu kisima. Ataanza: mheshimiwa mkuu wa wilaya, mheshimiwa mbunge, mheshimiwa diwani, waheshimiwa wa meza kuu, itifaki imezingatiwa. Anapofika kwenye pampu iliyoharibika, kipaza sauti kimeshachukuliwa.

Kibaya zaidi ni pale cheo kinapomeza umri kabisa. Sote tumewaona viongozi vijana wakimsimamisha mzee wa makamo ya baba yao mbele ya umati na kumfokea. Jioni, kwenye kahawa, hutasikia watu wakijadili kama kiongozi alikuwa na mamlaka ya kisheria. Utasikia kitu kimoja: "Hata shikamoo hakutoa."

Lakini upande wa pili upo, na anayeupuuza hajawahi kuwa mwanamke kijana kwenye kikao cha wazee. Mchukue mbunge wa viti maalumu mwenye miaka 28. Akisimama kuzungumzia mgogoro wa ardhi, maneno ya umri yanamsubiri: binti, mwanangu. "Mwanangu" ni neno tamu nyumbani, ila kikaoni linaweza kuwa kofi, kwa sababu maana yake ni "kaa chini, wakubwa wanazungumza." Hata "mzee" lenyewe lina jinsia. Mwanamume wa miaka 40 akiitwa mzee anatabasamu. Mwenzake wa kike ukimwita hivyo ataomba kioo. Yeye atapewa mama, au bibi, majina ya ukoo yanayomrudisha jikoni kwa upole. Tangu 2021 Amiri Jeshi Mkuu wa Tanzania ni mwanamke, na mitaani ni Mama Samia. Mtangulizi wake, John Magufuli, alikuwa Tingatinga. Katika safu hiyo yote, Mheshimiwa ndilo neno lisilouliza umezaliwa lini wala umevaa nini. Na bungeni lina kazi nyingine ya maana: watu wawili wanaotaka kupigana wanalazimika kupitisha hasira zao kwa "Mheshimiwa Spika," na njiani zinapoa kidogo.

Uzee nao ni mtaji wa siasa. Jomo Kenyatta alikuwa Mzee, Museveni ni Mzee, na Laurent-Désiré Kabila alipoingia Kinshasa Mei 1997 akiwa na miaka 57 tu, naye alikuwa Mzee Kabila. Ukishamwita kiongozi mzee, kumpinga kunageuka utovu wa adabu. Kenya ya Moi ilikuwa na kilele kingine, Mtukufu Rais, jina lililotangulia taarifa za habari za redio. Wajukuu wa wasikilizaji wale, mwaka 2024, walimwita rais wao, William Ruto, Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, wakamtaka ashuke mtini. Mbunge kwao amekatwa hadi "mhesh," na silabi zilizopotea hazikupotea kwa bahati mbaya.

Wapo pia wanaotaka shikamoo ifutwe kwa kuwa asili yake ni kushika miguu, wakaihusisha na utumwa. Hoja hii hainisumbui. "Bwana" lilikuwa neno la mwenye watumwa, na leo kina dada wawili saluni wanaambiana "acha bwana." Maneno huchuja.

Ninachokitofautisha mimi ni njia inavyopitika. Shikamoo ni deni la mzunguko: unaitoa miaka thelathini, kisha inaanza kurudi kidogo kidogo, mpaka siku unashtuka kondakta amekuamkia. Kila anayeishi analipwa. Uheshimiwa hauzunguki hivyo. Wengi huutoa mpaka wanazikwa bila kuuonja. Kwa hiyo ningeuacha bungeni na mahakamani, ambako una kazi, na huku nje mkuu wa wilaya aitwe mkuu wa wilaya. Yule mbunge wa miaka 28, nakiri, hili linamwacha bila ngao akitoka Dodoma, na sina jibu zuri kwake.

Namrudia yule mkurugenzi. Taarifa za utenguzi wa uteuzi kwa kawaida ni fupi, aya mbili tatu, na zinaweza kutoka usiku. Kesho yake dereva yuko maegesho, amepewa bosi mwingine. Wa jana akija kuchukua vitu vyake atasema kama siku zote, "Shikamoo mzee." Dereva ataitikia marahaba, kisha itabidi atafute neno la kumalizia.