Katuni ya injini haikuniambia habari ya oili

Mashine yangu ya kupulizia mikorosho ilikufa mwezi wa saba, katikati ya msimu, na aliyeiua ni mimi mwenyewe. Siku mbili kabla nilikuwa nimeangalia kwenye simu katuni ya injini ya mipigo miwili, kama ya mashine ile. Pistoni inapanda, inashuka, petroli ya rangi ya bluu inaingia, moshi mwekundu unatoka. Nikaweka simu chini nikijiona fundi.

Asubuhi ile huku Newala, kijana tuliyemtuma mafuta alirudi na petroli tupu, oili ya kuchanganyia ameikosa. Nikamwambia tutie hivyo hivyo, ya kesho tutachanganya. Salfa imeshanunuliwa, maua yanatoka, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haumsubiri mtu. Mashine ikapiga miti michache, mlio ukabadilika, ikakata. Kuvuta kamba, kamba haivutiki.

Fundi alifungua silinda, akanipa mkononi bila neno. Ndani ilikuwa na mikwaruzo ya wima, mithili ya kucha za paka.

"Mdogo wangu, hii haina oili yake chini kama pikipiki. Petroli inapita kwanza huku chini kwenye krenki, huu mhimili unaozungushwa na pistoni, ndiyo inapanda juu. Oili ya kulainisha vyuma inadandia humo humo."

Kilichoniuma ni kwamba njia hiyo nilikuwa nimeiona! Katuni ilionyesha vizuri kabisa petroli ikipita chini ya pistoni kabla ya kupanda kuungua. Ila sikujiuliza kwa nini izunguke huko kote, na katuni haikuniuliza. Ilikuwa inatembea, nami natembea nayo, kama abiria anayelala kwenye basi la Masasi: kufika anafika, lakini mwambie aendeshe yeye.

Sisemi katuni hazina kazi. Injini ikienda mizunguko 6,000 kwa dakika, pistoni ya mashine ile inapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, tena ndani ya chuma. Jicho la nani litaona? Na kwenye pikipiki yenye mipigo minne, krenki inazunguka mara mbili wakati kamshafti, mhimili unaofungua vali, inazunguka mara moja. Jambo hilo kulieleza kwa mdomo ni kuchoshana, katuni inalimaliza mara moja. (Injini za katuni nazo zina raha yake: plagi haishiki masizi, wala mtu hajazi petroli yenye maji.)

Ugomvi wangu ni na ile hisia ya kuelewa inayokuja haraka mno. Mwaka 2003 Mary Hegarty na wenzake, Sarah Kriz na Christina Cate, walichapisha utafiti juu ya watu waliojifunza jinsi tangi la choo cha kuvuta maji linavyofanya kazi. Katuni haikuishinda michoro iliyotulia. Kilichowasaidia watu ni kuangalia mchoro na kutakiwa kubashiri kwanza mashine itafanya nini, na pia kupewa maelezo ya maneno. Niliposoma hayo nilimkumbuka fundi wangu, ambaye hajawahi kumfundisha mtu bila kwanza kumuuliza, "Haya, ukizungusha hapa, kitatokea nini?" Ukikosea anacheka mpaka unaona haya, lakini hutasahau.

Silinda ile mbovu sikuitupa. Juzi mtoto wa dada yangu alikuwa anaangalia katuni kama ile ile, nikaifunika simu kwa kiganja.

"Pistoni inashuka. Kuna tundu la moshi na tundu la petroli. Lipi linafunguka kwanza?"

"Yote pamoja, mjomba."

"Una hakika?"

"Si nimeona hapa!"

Nikampa silinda. Akaingiza kidole, akapapasa upande mmoja, akapapasa wa pili, akaigeuza kwenye mwanga. Tundu la moshi limekaa juu kidogo kuliko lile jingine, kwa hiyo pistoni ikishuka linaanza hilo. Moshi unatangulia kutoka, petroli inaingia nyuma yake. Hakusema kitu. Alichukua simu yake, akairudisha video mwanzo, akaanza kuisimamisha kila hatua.